Nguzo za Banda la Mbuzi

Mtu mbishi hanisumbui. Unamwona, unabishana naye, mnamalizana. Wanaonichosha ni wale wanaoitikia kwa kichwa kila unachosema, kwa sababu hujui wameondoka na nini kichwani.

Nilikuwa nimepanga chumba Cyanzarwe, kijiji cha mpakani karibu na Goma, kwa mama mmoja mjane mwenye shamba la marakuja, yale matunda ya pasheni, nyuma ya nyumba. Mimi sikai mahali muda mrefu. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimebeba mizigo Goma, nimechoma mkaa Masisi, nimechuma chai upande wa Uganda, na kote nilikopita niliuliza maswali hadi watu wakanikimbia. Kwa mama huyu nilifika kutafuta kibarua cha wiki mbili. Nikabaki kwa sababu ya swali moja: kwa nini marakuja yake yanachanua sana na kuzaa kidogo hivyo?

Yeye hakuwa na swali, alishafika kwenye jibu. Ulikuwa msimu wa pili maua yanaanguka. Wanawake wanaovusha matunda kwenda Goma walishaanza kupita mlangoni kwake bila kusimama. Akaniambia kwamba mvua zikiisha bila matunda ya maana, atang'oa yote na kupanda viazi. Mimea hiyo ya marakuja ilipandwa na mumewe. Hilo hakulisema kwa huzuni. Alilisema akinoa panga.

Nikageuza ndoo, nikakaa shambani asubuhi nne. Nyuki wadogo wa mizinga ya majirani walikuja, wakachukua unga wa maua, wakaondoka bila kugusa pale panapotakiwa kuguswa. Ua la marakuja ni pana, linataka mgongo mpana. Mwenye mgongo huo alikuwa nyuki mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, anayenguruma kama pikipiki iliyo mbali. Walikuwa wachache mno. Nikamfuata mmoja kwa macho hadi kwenye banda la mbuzi la mama, lililokuwa halina mbuzi tena. Nguzo zake kavu zilikuwa na matundu ya mviringo, safi, kana kwamba fundi amepita na keekee. Walikuwa wanaishi humo. Kwingine kote mti ukikauka tu unakuwa kuni.

Watu waliokuwa wakiwaua ni vijana. Walikuwa wakiwapiga kwa viatu, wakidhani wanauma vibaya. Kwa hiyo nikaenda kwa vijana.

Walikuja kumi na wawili, kwenye baraza ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. Mkutano wa kwanza wakachagua rais, makamu wa rais, katibu, na mweka hazina asiye na hazina. Mkutano wa pili ulikuwa juu ya rangi ya fulana, na haikupatikana. Wa tatu wakaniruhusu kuongea. Nikaongea vizuri sana, na matatizo yalianzia hapo. Nikawaambia kwamba nyuki huyu hana mzinga wala mwenyewe, kwamba bila yeye mama yule atakosa shamba, na kwamba asiumizwe hata mmoja.

Rais alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, fundi wa kushona, mwenye cherehani yake kando ya barabara. Akaniuliza, akiniita mjomba kwa Kifaransa, "Hata moja, tonton?"

Nikasema hata mmoja. Akaandika kwenye daftari. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa wote unatoka kufanya kazi ya pamoja. Vijana wanaotaka kazi yao ionekane huchagua mjane wakamsafishia uwanja. Mimi nilikuwa nimelala Nyundo, mwendo wa gari kutoka hapo, na asubuhi hiyo magari hayatembei mpaka kazi iishe, hivyo nikafika saa saba mchana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi udongo unang'aa. Banda halikuwepo. Kando ya jiko palikuwa na kuni, zimekatwa urefu mmoja, zimepangwa kama vitabu. Vijana walikuwa wamesimama mbele yake wakipigana picha.

Nikauliza nguzo ziko wapi.

"Tumekatia mama kuni," rais akasema. "Banda ilikuwa inaharibu uwanja, tonton. Mutu akipita anaona aibu."

"Na nyuki?"

"Tulingoja zitoke zote. Tangu saa kumi na mbili tuko hapa tunahesabu. Ya mwisho ilipoenda kwenye maua, donc, basi, tukaanza kukata. Hakuna hata moja iliumia." Akafungua daftari anionyeshe.

Nikakaa chini. Ningemkasirikia nani? Masisi nilipasua magogo ya namna hiyo miezi mingi, nilijua kilichomo ndani kama ninavyojua kiganja changu. Nilikuwa nimewaeleza yote isipokuwa hilo, kwa kuwa kwangu lilikuwa wazi mno.

Nyuki mmoja akarudi. Akasimama hewani, usawa wa kifua cha mtu, mahali palepale nguzo ilipokuwa. Akaenda kushoto, akaenda kulia, akarudi nyuma, akaanza upya. Akaja wa pili, kisha wengine watatu. Kijana mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Zinatafuta nini?" rais akauliza.

Nikachukua panga, nikapasua ukuni mmoja polepole. Ndani kulikuwa na njia ndefu iliyogawanywa vyumba kwa unga wa mbao, na katika kila chumba donge la njano la unga wa maua, na juu yake funza mweupe, mnene, anayejikunja.

"Watoto wao," nikasema.

Rais akainama akaangalia. "We tonton, hii ungetuonyesha siku ya kwanza. Tumepoteza mukutano muzima kwa fulana na ulikuwa na hii."

Hapohapo moshi ukaanza kutoka jikoni. Mama alikuwa ameshawasha moto. Tuliingia wote kwa pamoja na kuanza kuvuta kuni chini ya sufuria.

"Asubuhi mulinipa kuni, mchana munaninyang'anya," akasema mama. "Maharage itaiva na nini? Na hotuba?"

Makamu wa rais akakimbia kwao kuleta mkaa. Kuni tano zilikuwa zimekwisha kushika moto. Zilizobaki tukachagua zenye matundu, tukazifunga kwa waya kwenye fito palepale pa zamani, na bati juu. Ilikuwa mbaya kuitazama. Mkuu wa mtaa alipita akauliza nani ameanika kuni kama nguo siku ya umuganda. Rais akamshika mkono, akampeleka kuangalia funza.

Kwa kuwa nyuki walikuwa wamepungua zaidi, vijana wakaja asubuhi kufanya kazi ya nyuki, ua kwa ua, wakihamisha unga wa njano kwa ncha ya kidole. Wanne tu ndio walioendelea. Rais alikuja kila siku kabla ya kufungua cherehani, na kila siku alilalamika: umande unamlowesha, unga unachafua vitambaa vya wateja, mimi nachelewa kuamka. Sikuwahi kupenda malalamiko kiasi hicho.

Mvua zilipokaribia kuisha, mama alipita kati ya fito akishika matunda mabichi moja moja, midomo ikicheza kama anayehesabu. Panga alilirudisha juu ya mlango. Kesho yake alirudi kutoka kwa jirani amejitwika gogo kavu kichwani, jasho likimtoka, akalitupa kando ya zile kuni zetu.

"Hii pia musipasue," akasema.

Nikalikagua. Lilikuwa limejaa mchwa, ambao wangehamia kwenye kuni zetu. Safari hii nilisema palepale, na nikaambiwa nilirudishe mwenyewe.