Kabati la Bi Hakuna

Hospitali nzima ilimwita Bi Hakuna, na mwenyewe aliitika. Ukitaka glovu, balbu, betri au shuka, njia ilikuwa moja. Unatuma ombi kwenye kompyuta ya idara yako, linatokea kwenye kompyuta yake, kisha unateremka hadi kidirisha cha stoo. Unamkuta miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, anakutazama kwa juu yake, anakwambia, "Hakuna."

Si kwamba alikuwa mkono wa birika. Alikuwa na hofu. Ilimuuma kumwona mtu mwenye shida ya kweli akigeuka mikono mitupu. Kwa hiyo kitu kikibaki kimoja, alikitoa rafuni, akakifungia kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, na kwenye kompyuta akaandika sifuri. Hicho kimoja kilikuwa cha siku ya siku. Ukija umeshika kichwa, sauti inatetemeka, angekupima kwa macho, akainuka taratibu, akavuta ufunguo uliokuwa shingoni, na muujiza ukatokea.

Watu waliujua mchezo. Wauguzi walijifunza kushika vichwa. Wasioweza kuigiza waliomba mara mbili ya walichohitaji, wakaficha kilichobaki. Hata ofisi ya ununuzi iliacha kushtushwa na sifuri zake. "Hiyo sifuri ya Bi Hakuna? Aa, nyuma yake kuna kimoja," wangesema, wakaendelea na chai.

Nyumbani nako ni vilevile.

"Mama watoto, chumvi ipo?" mumewe angeuliza.

"Hakuna."

Mume angepitisha mkono nyuma ya debe la unga, akatoa pakiti, akatia chumvi, akairudisha palepale. Ndoa yao ilikuwa ya amani sana.

Asubuhi moja fundi mitambo alikuja mbio, ameshika utepe mnene wa mpira uliochanika kama mkate. Ulikuwa mpira wa mlango wa mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji. Bila mpira huo mlango haubani, mvuke unatoroka, vifaa havitakasiki, na kesho hakuna mtu wa kupasuliwa.

"Shangazi, ombi nimeshatuma. Nipe mmoja, nakuomba."

"Hakuna."

"Najua hakuna. Sasa fungua kabati."

Bi Hakuna alijikaza asicheke. Daktari wa upasuaji hakuwa wa pale. Alikuja mara moja kwa mwezi, akafanya kazi siku moja, akaondoka. Na wa kwanza kwenye orodha ya kesho alikuwa mke wa mlinzi wa getini, ambaye uvimbe tumboni ulimfanya atembee ameinama, na ambaye zamu yake ilikuwa imeshaahirishwa zaidi ya mara moja. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyemfungulia Bi Hakuna geti asubuhi hiyo. "Shemeji, kesho ni yetu," alimwambia, meno yote nje.

Bi Hakuna alifungua kabati. Akapapasa juu, akapapasa chini, akatoa maboksi, akayarudisha. Jasho jembamba likamtoka.

"Shangazi, acha utani."

"Haupo," alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

Alikuwa amempa mtu. Nani, hakumbuki. Vitu vya kabatini havikupita kwenye kompyuta. Vingepitaje, na kompyuta ilikuwa imeshaandika sifuri? Sifuri ya uongo ikawa sifuri ya kweli, na kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Muuzaji yuko mji mwingine, mzigo huchukua siku kadhaa njiani. Lakini mpira wa namna ile si kitu cha kuliwa kikaisha. Ulikuwa mahali fulani ndani ya kuta zile, kwenye droo ya mtu.

Akapiga simu wodi ya wazazi. "Mna mpira wowote mpana wa mviringo?"

"Hakuna," sista akajibu kwa kuivuta sauti, akiiga, na nyuma yake wenzake wakaangua kicheko.

Maabara, hakuna. Wodi ya watoto, hakuna. Jikoni, hakuna. Kila mtu alidhani ni msako, kwamba leo Bi Hakuna anataka kuwanyang'anya akiba zao.

Akakaa. Kisha akaliburuta toroli la kubebea maboksi, akaanza kupakua kabati zima: balbu, betri, mikanda ya kipimo cha presha, bomba, kufuli, hata kengele ya mlango ambayo hakujua aliificha lini. Akalisukuma hadi katikati ya korido, mbele ya watu, uso umemwiva.

"Haya, ndivyo vyote," alisema kwa sauti. "Wenye shida navyo wachukue. Nami nataka mpira wa mashine ya upasuaji. Aliye nao alete, simuulizi kitu."

Sista wa wodi ya wazazi akateremka kuona. "He! Mkanda wa presha huu! Si ulikula yamini kwamba haupo?"

"Nilikula. Chukua."

Sista akauchukua, akasonya, akapanda ngazi. Baada ya muda akarudi na boksi la glovu alilolificha chini ya kitanda cha akiba. Wa maabara akaona, naye akaenda kufungua droo yake. Korido ikawa kama watu wanahama nyumba, wanataniana na kuumbuana. "Kumbe wewe ndiye uliyemaliza betri!"

Mwisho akaja mzee dobi, polepole, na pakiti iliyofunguliwa ncha moja.

"Binti yangu, nilikuomba mpira wa mashine ya kufulia. Ukanipa huu. Haukuingia."

"Mzee! Mbona hukurudisha?"

"Nirudishe kwako?" dobi akashangaa kweli. "Ningeuona tena lini?"

Fundi hakusubiri kusikia zaidi. Aliupokonya, akauzungusha mkononi, akaondoka mbio. Kabla ya jioni mashine ilibana, mvuke ukatulia ndani, taa ya kijani ikawaka. Bi Hakuna alibaki akihesabu vya rafuni na vilivyorudi kutoka kwenye droo za watu, akiingiza kwenye kompyuta kilichopo, chote, mpaka vidole vikamuuma.

Asubuhi muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuja kidirishani. Balbu ya taa ndogo ya daktari ilikuwa imeungua. Kwenye kompyuta ilionekana wazi: moja.

"Ipo?" aliuliza, mkono tayari umeanza kupanda kichwani.

Mkono wa Bi Hakuna ulienda shingoni, kwenye ufunguo, ukarudi.

"Ipo. Ni ya mwisho."

Muuguzi hakusogea. Alikuwa anasubiri Bi Hakuna acheke.

"Chukua basi, kabla sijabadili mawazo!"

Akaandika sifuri, akapiga simu ununuzi. "Balbu zimekwisha. Zimekwisha kweli. Weka kikombe chini, uagize."

Mchana mlinzi aliacha geti kwa mwenzake, akaja mpaka kidirishani. Alisimama, kofia mkononi.

"Mke wangu ametoka salama, shemeji. Ameomba maji."

Bi Hakuna aliitoa chupa yake ya maji chini ya meza, ile ambayo hajawahi kumpa mtu, akampa.