Firigisi ya Ndugu Yangu

Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe. Watoto hupigania shingo na miguu, mgeni hupewa paja, lakini firigisi huwekwa mbele ya mwanamume mkuu wa nyumba na hakuna anayeuliza kwa nini. Ni kinyama kidogo, kigumu, kinachoisha kabla mtu hajamaliza kumeza tonge moja la ugali. Mimi nilikitamani tangu nilipoota meno.

Wazazi wangu walitoka upande wa magharibi, wakahamia Nakuru baba alipopata kazi ya kuunganisha mabehewa katika yadi ya reli. Tulikaa landi za reli, vyumba vilivyoshikana mstari mzima kama mabehewa yenyewe. Kiangazi, upepo ulituletea vumbi la magadi kutoka ziwani, likaingia kwenye sufuria na machoni. Ni katika chumba hicho ndugu yangu mkubwa alirudi kutoka vita vya Burma, mimi nikiwa bado mtoto wa shule. Mama aliweka firigisi mbele ya baba kama kawaida. Baba akaichukua kwa vidole na kuiweka kwenye sahani ya ndugu yangu.

"Wewe umeona mengi kuliko mimi," akasema. "Kula."

Baba mwenyewe hakuwa mtu aliyekaa nyumbani tu. Katika vita vya kwanza vya Mjerumani, akiwa kijana, alikamatwa sokoni, akafungwa kamba na wenzake, wakapelekwa Tanganyika kubeba mizigo ya jeshi. Lakini hakuwahi kuzungumza habari hizo, na mimi niliamini mtu asiyezungumza hana la kusema. Ndugu yangu alikuwa na buti, mkanda wenye bamba la shaba, na kovu dogo shingoni ambalo wasichana wa landi walikuwa wakiliangalia aliponawa uso nje.

Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu kwa kovu. Nilimwonea wivu kwa bahari, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kuuliza maswali na yeye alikuwa na majibu ambayo hakuyatumia. Je, ni kweli maji yake yana chumvi hata katikati? Meli ikisimama, inafungwa kwa kitu gani? Ruba akikunyonya, unasikia maumivu au husikii? Alinijibu kwa neno moja moja, kama mtu anayetoa senti mfukoni mwenye pesa nyingi.

Shule niliiacha darasa la nne. Nilikuwa nimechoka kuambiwa mambo ya dunia na mtu ambaye hakuwahi kufika Naivasha. Nikaanza kutembea. Nilichuma pareto Molo, nikabeba magogo katika kiwanda cha mbao Elburgon, nikawa taniboi, mpakia mizigo wa lori la viazi lililopanda Olenguruone, ambako baridi ya milima ya Mau ilinifanya nilale katikati ya magunia. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kazi inafanywa vipi, kisha hamu ikaisha. Na kila mahali nilijilinganisha. Yeye amevuka bahari. Mimi nimevuka mto Molo.

Nilijaribu kuandikwa. Jeshi lilipokuja kuchagua watu, tulikimbizwa uwanjani, tukatazamwa meno, tukapimwa kifua kwa utepe. Sajini alinizungusha utepe, akacheka. "Huyu ni mlingoti wa bendera," akawaambia wenzake. "Nenda ukale, kijana."

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini ndugu yangu alipelekwa tena ng'ambo, safari hii Malaya, jina ambalo kina mama pale mferejini hawakuweza kulitaja bila kucheka. Akakaa huko zaidi ya mwaka. Aliporudi, Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa hapa kwetu, na hata kabla hajamaliza kunyoosha miguu akapelekwa kwenye misitu ya Nyandarua kuwatafuta wapiganaji waliojificha huko. Alitoka msituni, akapumzika kidogo kambini Lanet, akarudishwa msituni. Akatoka, akarudishwa. Mimi nilihesabu safari hizo kama mtu anayehesabu sahani za pilau zinazopita mbele yake kwenda kwa wengine.

Ndipo akaja nyumbani kwa likizo, muda wake wa jeshi ukiwa unakaribia kwisha. Angerudi Lanet kufanya moja kati ya mambo mawili: kutia sahihi ya miaka mingine, au kurudisha vifaa vya serikali na kuwa raia.

Nilikuwa nimerudi Nakuru wakati huo, sina kazi, kwa hiyo nilimtazama mchana kutwa. Hakulala kitandani. Alikaa sakafuni kando ya mlango, mgongo ukutani, akasinzia akiwa ameketi. Mabehewa yalipogongana yadini, sauti ambayo sisi watoto wa reli hatukuisikia tena, yeye alikuwa tayari amelala kifudifudi, uji umemwagika. Kisha alijipangusa na kumwomba mama msamaha kwa heshima kubwa, kama mgeni. Mama alikuwa akifuta uji.

Na mimi niliona wivu hata hapo. Ndivyo ulivyo wivu, haubagui chakula. Niliwaza kwamba mambo makubwa yamemfikia mpaka yakaingia mwilini, na mimi mwili wangu hauna kitu ndani yake isipokuwa viazi vya Olenguruone.

Mbele ya landi kulikuwa na kinyozi aliyenyolea chini ya mabati, na pale wanaume walibishana. Siku hizo serikali ilikuwa ikiwaandika vijana wa walowezi kwa lazima, kwa sheria, na habari hiyo iliwasha moto kila mahali.

"Na sisi tulazimishwe," kinyozi alisema, wembe hewani. "Iwe zamu. Wewe leo, mimi kesho. Sasa hivi wanaenda walewale tu, mpaka wanaharibika."

"Wewe ulazimishwe na tumbo hilo?" fundi mmoja wa reli akamjibu. "Adui atakusikia ukihema toka Gilgil."

"Cheka tu. Mzungu mwenyewe analazimisha mtoto wake."

"Mtoto wake analinda shamba lake. Wewe utalinda nini, huo wembe?"

Watu wakacheka. Ndugu yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo ukutani kama kawaida yake. Baba alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Fundi akamgeukia baba. "Mzee, wewe ulibebeshwa kwa nguvu. Mwambie huyu mtu kulazimishwa kuko namna gani."

Baba akafikiri. "Nilifungwa kamba," akasema. "Wengi walikufa njiani. Vita vilipoisha wakafungua kamba, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyenirudia."

"Ona, baba," ndugu yangu akasema, na wote wakamgeukia kwa sababu hakuwa na desturi ya kusema pale. "Wewe ulifungwa na mtu, huyo mtu akakufungua. Mimi nilikwenda mwenyewe. Sasa nani atanifungua?"

Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha baba.

Jioni ile, jua likiwa bado linaumulika mlima wa Menengai, nilimfuata ndugu yangu kwenye njia ya kwenda ziwani. Tulishikana mikono, kama watu wa kwetu wanavyotembea. Nikamuuliza lililokuwa likinikera.

"Si ukatae tu kutia sahihi? Kama hutaki."

"Burma ilipoisha nilikwenda kurudisha vifaa. Nikatoka nimetia sahihi. Baada ya Malaya, hivyo hivyo." Alitazama mkono wake wa kulia, uliokuwa ndani ya mkono wangu. "Nikisimama mbele ya ile meza, sajini akitoa amri, mkono unakwenda. Mimi ninauangalia ukienda."

"Lakini ng'ambo ulipenda. Uliona dunia."

"Ng'ambo sikuelewa walichokuwa wakisema." Tulikwenda hatua kadhaa. "Huku ninaelewa. Mtu uliyemkamata anakuita ndugu, kwa Kiswahili, kama jirani wa hapa landi. Anakuomba maji kwanza."

Sikuuliza kilichofuata baada ya maji. Mimi, mtu wa maswali. Nilikumbuka jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkikuyu aliyekuwa akitugawia mahindi mabichi, ambaye alichukuliwa na lori la serikali pamoja na watoto wake, na chumba chake sasa kilikuwa na watu wengine. Nadhani ndugu yangu naye alikuwa akimkumbuka yeye.

Jumapili ya mwisho ya likizo mama alichinja jogoo. Tuliketi wanne kuzunguka ugali, ndugu yangu karibu na mlango. Baba akaiweka firigisi kwenye sahani ya ndugu yangu, kama desturi aliyoianzisha mwenyewe. Ndugu yangu aliitazama kwa muda. Kisha akaisukuma, ikateleza kwenye mchuzi mpaka kwenye sahani yangu.

"Kula wewe," akaniambia.

Mama alishika mdomo. Kwetu mtu haachi firigisi yake hivihivi. Anayeiacha ni anayeaga. Baba naye aliona aibu, maana kitu alichokitoa kwa heshima kimepewa mtu asiye na kazi wala nyumba. Mkono wake ulisimama juu ya ugali. Kama ningekuwa mtu mwenye adabu ningeirudisha, na baba angeirudisha kwa ndugu yangu, na mambo yangeendelea kama zamani.

Nilikula. Ilikuwa na chumvi zaidi kuliko nilivyodhani, na mchanga kidogo, kwa sababu mama alikuwa ameiosha kwa haraka.

Baba alinitazama nikimeza. "Haya," akasema. "Anayekula hiyo ndiye anayesemea nyumba hii. Kesho utakwenda naye Lanet. Na mkono huo wa mwenzako, usiuachilie."

Nilimgeukia ndugu yangu. Kumbe alikuwa amemwambia baba pia habari za mkono. Au baba alijua tu.

Tulikwenda Lanet kwa miguu, kando ya reli. Mimi nilibeba mfuko wa vifaa begani, naye alivaa akala zangu za tairi kwa sababu buti zilikuwa ndani ya mfuko, nimezipiga rangi mwenyewe. Nilizipiga vizuri sana, vile ningezipiga zangu.

Ofisini kulikuwa na meza ndefu na sajini mnene nyuma yake. Uwanjani, nje ya dirisha, vijana walikuwa wakikimbizwa kwa ajili ya kuandikwa. Sajini alimjua ndugu yangu, alimwita kwa furaha, akasukuma karatasi na kalamu mbele yake hata kabla ya kufungua mfuko.

"Mzee wa Burma! Weka jina hapo, chai iko pale."

Nilisikia mkono wa ndugu yangu ukikaza ndani ya wangu, ukavuta kwenda juu. Si yeye aliyevuta. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyesinzia. Nikaushikilia.

"Amekuja kurudisha vifaa," nikasema.

"Nimeongea na wewe?" Sajini akaona mikono yetu. "Nini hii? Mnashikana kama mnapelekwa harusini?"

"Ni ndugu yangu. Mimi ndiye ninayesema."

Akanitazama kuanzia nywele mpaka miguu, polepole, nami nikajua kutazamwa huko. "Urefu uko," akasema. "Kifua kimekuja. Unafanya kazi gani?"

"Hapa na pale."

"Hapa na pale!" Akacheka, lakini bila ubaya. "Tunataka watu, kijana. Toka nje, simama na wale, waambie nimesema upimwe. Jioni una buti."

Nimetembea sana tangu siku hiyo, nimefanya kazi ambazo siwezi kuzikumbuka zote, na hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu nilichokitaka kwa wepisi namna ile. Mlango ulikuwa wazi. Vijana walikuwa wakipita mbio, vumbi likipanda, na mmoja wao, mwembamba kuliko mimi, alikuwa tayari amezungushiwa utepe. Nilimchukia kijana yule kwa moyo wote. Ilikuwa ni kuachia mkono tu.

Mkono ukavuta tena kwenda kwenye kalamu.

"Fungua mfuko," nikamwambia sajini. "Hesabu vitu vyako."

Alivihesabu kwa hasira, kimoja kimoja, akivitupa upande wa pili wa meza: blanketi, mkanda, chupa ya maji, sahani ya bati. Buti alizigeuza, akazitazama zinavyong'aa, akaziweka chini taratibu. Mimi nilizifuata kwa macho mpaka zilipofika sakafuni. Ndugu yangu hakutazama chochote. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, na tulipofika nje ya geti ndipo ulipoacha kuvuta.

Njiani alitembea kwa akala zangu na mimi peku. Karibu na Nakuru mabehewa yakagongana yadini. Akajitupa chini kwenye majani, nami, kwa kuwa nilikuwa bado nimemshika, nikaanguka naye. Tulilala pale kwa muda. Kisha akasema, "Samahani," nami nikasema, "Wacha, tumepumzika."

Hakupona kama watu wanavyopona homa. Alikaa mlangoni miezi mingi. Alipata kazi ya kumwagilia miche katika bustani ya mzungu mmoja, kazi isiyo na kelele. Mimi nilikaa pale landi muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote, na nilikuwa bado ninawatazama askari wakipita barabarani kwa malori, nikitafuta nyuso za umri wangu.

Siku moja mama akachinja kuku tena. Akaipakua firigisi, akasita na upawa mkononi, akitutazama sisi watatu. Baba akamwonyesha kwa kidevu. Mama akaiweka kwenye sahani ya ndugu yangu, pale pale mlangoni.

Aliitazama kama ile Jumapili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala gotini. Kisha akaunyanyua mwenyewe, akaichukua, akaanza kutafuna. Mama aligeuka upande wa jiko ili tusimwone uso. Mimi nilitazama taya za ndugu yangu zikipanda na kushuka mpaka alipomeza, na nikamwonea wivu kama zamani.