Siku Niliyovaa Kofia ya Chifu

Kwa miaka mitatu nilikuwa mjane, karani, askari wawili na mbuzi. Kazi hiyo yote niliifanya nikiwa nimekaa kitandani kwetu Gatina, Kawangware, nikimenya viazi, huku mume wangu amesimama katikati ya chumba na mto wa kulalia umefungwa tumboni kwa leso. Yeye alikuwa chifu. Mimi nilikuwa wengine wote.

Mume wangu alikuwa mwigizaji. Sisemi alikuwa akiigiza huku akitafuta kazi, hapana, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukiwahi kuona kwenye televisheni soja akimfungulia tajiri geti, huenda ulimwona. Alifungua mageti mengi sana, na sisi wenyewe hatukuwa hata na pazia la mlangoni.

Siku moja walikuja watu wa filamu kutoka ng'ambo wakitafuta mtu wa mitaa ya mabanda ya Kibera. Akawaambia ukweli kwamba yeye anakaa Kawangware. Wakasema haina shida, kwa kamera ni kulekule. Asubuhi hiyo nilimpigia pasi shati jeupe, kwa sababu mtu haendi kupigwa picha akionekana kama amelala jikoni. Jioni alirudi na shati limejaa matope mbele na nyuma. Msichana wa mavazi alikuwa amelipaka kwa brashi, polepole, kama anayepaka nyumba rangi. Usoni nako walimpaka kitu cheusi, na yeye tayari alikuwa mweusi kuliko mtu yeyote kwenye ploti yetu.

"Wanasema sijakuwa Mwafrika vya kutosha," akaniambia, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nililifua lile shati mara tatu.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa shule. Kuna vikundi vinavyozunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu vya mtihani, ili mwanafunzi aliyeshindwa kusoma angalau aone kwa macho. Chake kilifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa kule Silanga, Kibera. Tamthilia ya mwisho aliyoigiza ilikuwa ya chifu aliyefunga kisima cha kijiji kwa kufuli, na mjane anayekuja kila siku kumwomba ufunguo. Wasichana wa shule walikuwa wakimzomea kwa raha. Alirudi nyumbani akihesabu kelele: shule hii walinizomea vizuri, ile walikuwa baridi.

Alikufa kwenye likizo ndefu, kwa ugonjwa wa siku nne. Tulimzika kwao magharibi. Mimi ni wa Kitui, na si mtu wa sauti. Kwao mjane anatakiwa asikike hadi ng'ambo ya mto. Nilikaa kando ya jeneza na machozi yakitoka bila kelele yoyote, na shangazi zake wakawa wananitazama kama redio iliyoharibika. Mmoja alinifinya mgongoni, nadhani kwa nia njema. Bado haikutoka sauti.

Binti yetu, wa pekee, alilia kwa niaba yangu. Kisha shule zilipokaribia kufunguliwa akasema anataka kuhamia shule nyingine. Nilimuuliza kwa nini, akasema anataka mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia pole. Niliona ni ombi la haki. Akaingia kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Nairobi, mahali wasipomjua.

Mimi nikarudi kwa cherehani yangu Soko la Toi. Napunguza suruali za mitumba, nabadilisha zipu. Siku moja dairekta wa kikundi akaja akasimama mbele yangu, mkononi ana mfuko wa karatasi. Yeye na mume wangu walikuwa kama ndugu, kwa hivyo huniita shemeji. Alizunguka sana. Akauliza biashara, akasifu uzi. Mwishowe akasema mwanaume wa pekee aliyebaki kikundini mbali na yeye amepata kazi ya ulinzi Uarabuni, na yeye mwenyewe ndiye karani, na kuna shule inawangoja baada ya wiki mbili. Chifu hayupo.

"Shemeji, mchezo wote unaujua wewe. Hata mbuzi."

Akatoa kwenye ule mfuko kofia ya kaki. Nilimwambia kweli, mchezo naujua wote. Nakiri nilisema hivyo kwa maringo kidogo. Nilifika darasa la nane tu, na si mara nyingi mtu huja kuniambia kwamba ninajua kitu kizima. Kisha nikauliza ni shule gani. Akanitajia. Ilikuwa shule ya binti yangu.

Jumapili hiyo binti yangu alipiga simu, kama walivyoruhusiwa kupiga nyumbani. Nilimweleza kwa tahadhari, nikijua wasichana wa umri wake wanavyoaibika. Mama yako kuja shuleni na sare ya chifu si jambo dogo. Nilikuwa tayari akiniambia nisiende. Badala yake akaniuliza kama nitavaa masharubu.

Nikamwambia nitavaa.

"Basi uigize poa, mum. Kabisa. Usikuje ukiwa wewe."

Hapo ndipo akanieleza. Pale bwenini walipomuuliza baba yake hufanya nini, alisema ni mwigizaji. Hilo si uongo. Walipomuuliza anaigiza wapi, akasema yuko na kile kikundi kinachokuja kuigiza tamthilia, tena yeye ndiye chifu. Kila kitu alikisema kama cha leo. Hakuna aliyejua kwamba amefiwa. Bweni zima lilikuwa likimngoja baba yake.

Sikumjibu vizuri. Nilisema tutaona. Mimi sipendi uongo, hata mteja akiniuliza kama suruali inamfaa namwambia inambana. Na sasa nilitakiwa kuwa mume wangu mbele ya shule nzima, si kuigiza chifu tu, bali kuigiza yeye akimwigiza chifu. Lakini nilijua pia mtoto wangu amepata mahali pamoja duniani ambapo baba yake bado anaenda kazini asubuhi. Mimi ndiye ningepabomoa kwa kuweka mguu vibaya.

Kwa hivyo nilifanya mazoezi kama mwizi. Nilikohoa kama yeye, kikohozi kile cha chifu kabla ya kusema, mara mbili fupi na moja ndefu. Nilitembea tumbo likitangulia. Jirani alinikuta kwenye ngazi nikitembea hivyo akaniuliza kwa upole mimba ni ya nani. Masharubu nilishonewa na rafiki yangu wa saluni kwa mabaki ya nywele za kusuka, akayabandika kwa gundi ya kope. Alirudi nyuma akanitazama, akasema angeniogopa lakini pia angenikopesha.

Kule Silanga nilishika kitabu ndani ya faili ya chifu na nikasoma bila wasiwasi. Msichana anayeigiza mjane, mkazi wa palepale Kibera mwenye ulimi mkali, aliniambia mimi ndiye chifu wa kwanza anayesema "pole" baada ya kumfukuza. Dairekta akaniambia siku yenyewe faili ibaki mezani. Chifu halisi hasomi, alisema, chifu husomewa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wasichana wenye sweta za kijani, wengine wamekaa sakafuni. Nilimwona binti yangu mstari wa tatu. Wenzake walikuwa wakimsukuma mabegani na kuninyooshea vidole, na yeye anacheka kicheko ambacho hakikufika machoni. Nikakohoa mara mbili fupi na moja ndefu. Wakazomea. Nilihisi joto likinipanda miguuni, nikaelewa kwa nini mume wangu alikuwa akirudi nyumbani anang'aa.

Nusu ya kwanza ilikwenda. Nilitembea, nilifoka, nilimwamuru karani. Kisha mjane akaingia na ndoo yake akapiga magoti.

"Chifu, watoto wana kiu," akasema.

Na mimi nikasema naye. Maneno yaleyale, kwa wakati mmoja, kwa sauti yangu mwenyewe: Chifu, watoto wana kiu. Nilikuwa nimeyasema kitandani kwangu zaidi ya nilivyosema jina langu. Wasichana wakacheka, wakidhani chifu anamwigiza mjane kwa dharau. Mjane akanikazia macho. Kisha tukangoja.

Sijui nieleze vipi. Sikuwa nimesahau mistari. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aiseme. Kwa miaka mitatu, baada ya maneno yale, kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kumenya viazi, na jibu lilitoka pale mbele yangu, limesimama na mto tumboni. Nilisimama na kofia yake kichwani nikimngoja. Karani aliangusha kalamu makusudi, akaiokota, akaiangusha tena. Mjane alinikanyaga kidole.

Kutoka mstari wa tatu nikasikia kikohozi. Mara mbili fupi, moja ndefu.

"Serikali imelala, mama," ikasema sauti ya binti yangu, nzito, ya kifuani, kama ya baba yake kabisa. "Mimi ndiye blanketi lake."

Ukumbi mzima ukageuka. Kisha kicheko kikalipuka, na nikageuka nikamnyooshea fimbo yule mtoto wa mstari wa tatu, nikamuuliza nani amempa ruhusa ya kusema maneno ya serikali. Hayo hayakuwa kwenye kitabu. Lakini yalinirudisha njiani. Toka hapo mistari ilikuja yenyewe, na nikafunga kile kisima kwa ukatili ambao hata dairekta hakuutarajia. Walinizomea vizuri.

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Katika wiki mbili za kuchunga sauti na tumbo na masharubu, hakuna aliyekumbuka kwamba mchezo ukiisha waigizaji hupanga mstari mbele, na kila mmoja hutaja jina lake halisi na mhusika aliyemwigiza. Ni desturi ya vikundi vyote. Halafu wanafunzi huuliza maswali.

Mjane akataja jina lake, akapigiwa makofi. Karani akataja lake. Nikabaki mimi, mwisho wa mstari.

Dairekta alijaribu kunifunika kwa kusema chifu amechoka. Wasichana wakakataa. Wakaanza kuimba "chifu, chifu", na wale wa mstari wa tatu wakawa wanamsukuma binti yangu wakisema, si ni babako, mwambie aseme. Nilifungua mdomo. Jina la mume wangu lilikuwa pale, tayari, na kama ningelisema wangepiga makofi na tungeenda zetu. Halikutoka. Jina langu pia sikuthubutu kulitoa, kwa sababu halikuwa langu peke yangu kuamua. Nikasimama tu nikimtazama mtoto wangu, bila sauti, kama kule mazishini.

Binti yangu akainua mkono. Akainua kama mwanafunzi yeyote anayeuliza swali, akangoja mwalimu amruhusu, akasimama akanyoosha sketi.

"Mwenye alikuwa anaigiza huyo chifu mwanzo," akasema, "ako wapi?"

Kelele ikakatika. Nilimtazama nione kama ana hakika. Aliitikia kwa kichwa mara moja.

Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti yangu kwamba alikufa kwenye likizo ndefu, kwamba alikuwa mume wangu, na kwamba huyo aliyeuliza swali ni mtoto wetu. Nilisema pia samahani kwa masharubu.

Yeye alikuwa bado amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Alikuwa mzuri kukuliko?"

"Sana. Lakini kuigiza mbuzi hangeweza."

Mtu mmoja akacheka kwa woga, kisha wawili, kisha yeye mwenyewe. Msichana aliyekuwa akimsukuma muda wote alimvuta akae, akamshika mkono, wala hakumwambia pole. Ilikuwa afadhali.

Mwalimu wa Kiswahili, ambaye alikuwa akipangusa miwani kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji, akasema tuendelee, lakini maswali yawe ya kitabu. Msichana wa nyuma akauliza, chifu alifunga kisima kwa sababu gani, wakati yeye mwenyewe alikuwa na maji nyumbani?

Nilifikiri. Nikasema kweli sijui. Nimesoma mchezo ule miaka mitatu na sikuwahi kujiuliza, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa wale wenye kiu. Dairekta akakohoa atoe jibu lake la kila shule, lile la ubinafsi wa viongozi. Binti yangu akamtangulia, akiwa ameketi, kwa sauti ya kawaida.

"Babangu alikuwa akisema chifu si mbaya hivyo. Alikuwa anaogopa. Akifungua kisima, hakuna mtu angekuja kwake tena asubuhi kumwita chifu."

Mwalimu akamwomba arudie. Akarudia, polepole, na wasichana wakainama wakaandika.