Fundo la Kulazia Dume

Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havikunjiki. Watu wanaoniona nikimenya muhogo huniuliza kama nilizaliwa hivyo, na kwa miaka mingi nilijibu ndiyo, ili yaishe. Sasa sijibu hivyo tena. Mkono huu uliharibiwa na watu watatu, na wote nawajua: mama yangu mdogo, fundi wa mitumbwi, na kaka yangu wa tumbo moja. Majina yao sitayaandika, maana wana wajukuu wasio na kosa. Walichofanya nitakiandika, kwa mkono wa kushoto, polepole.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Tulitoka Usukuma tukahamia Mwamkulu, na ng'ombe walipokufa kwa ugonjwa baba akatugawa. Mimi na kaka tukapelekwa ziwani, upande wa Ikola, kwa mama mdogo aliyeolewa na mvuvi huko. Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya zile mvua za Elinino zilizokata barabara. Mimi nilianika dagaa mchangani. Kaka alimshikia mbao fundi wa mitumbwi.

Kiangazi upepo ukivuma, ziwa hilo linachafuka kweli. Mitumbwi inavutwa juu, na vijana wa mwaloni, pale wavuvi wanapopakulia samaki, wanaingia na vipande vya mbao. Wanatembea mpaka maji ya kifua, wanasubiri wimbi, likifika wanaulalia ubao kwa tumbo na wimbi linawaleta mpaka nchi kavu. Siku ya kwanza kuona hivyo, kunguru walikula dagaa zangu na sikujua.

Binti wa jirani, Mbende wa palepale, rika langu, ndiye aliyenifundisha. Alisema kuanguka ndiko kunakofundishwa, kupanda kunakuja kwenyewe. Pua ya ubao ikizama, utapinduka, kwa hiyo usitangulize kichwa, maana mchanga chini ni mgumu kama sakafu. Funika kichwa kwa mikono, kwa sababu ubao unakuja nyuma yako na hauna huruma. Usiibuke haraka, acha wimbi lipite, kisha toa mkono kwanza, ukiugusa ubao ujue ulipo. Na pale mto unapoingia ziwani, maji yakikuvuta kwenda ndani usishindane nayo, ogelea kwa ubavu mpaka yakuchoke. Halafu akaongeza kwamba pale mtoni kuna viboko, basi bora usiende kabisa.

Nilianguka mpaka masikio yakajaa mchanga. Wenzake walinicheka, wakisema Msukuma anataka kulikamua ziwa. Sikujali. Wiki ya tatu wimbi lilinibeba kutoka mbali mpaka tumbo langu likagusa nchi kavu, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Sikuwa na shamba, sikuwa na shule, sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na hilo.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyoharibika.

Mama mdogo alitufukuza mchangani. Alisema tunanyunyizia dagaa maji na wachuuzi kutoka Mpanda watazikataa. Ulikuwa mchanga wa kilomita nzima, na dagaa zake zilikuwa kwenye hatua ishirini. Angeweza kusema sogeeni kule. Alisema msionekane hapa tena.

Fundi akatuambia kwenye mawe, kule mwisho wa mwalo, ndiko mawimbi mazuri yaliko. Hilo lilikuwa kweli. Wimbi la kwenye mawe linasimama refu, halafu linaanguka lote kwa mara moja. Ambacho hakusema, na alikijua kwa kuwa mitumbwi iliyovunjika pale aliitengeneza yeye, ni kwamba chini kuna nyufa zinazoshika kitu na hazikiachii. Akatuazima ubao mpya, laini, wa kuziba mtumbwi wa mtu. Akamwambia kaka, "Ubao huu ukipotea, na wewe potea hukohuko."

Kaka akaogopa. Mtu wa ng'ombe akiogopa kitu kisije kikapotea, anafanya nini? Anakifunga. Akaleta kamba ya katani tuliyotoka nayo Mwamkulu, akafunga ncha moja kwenye tundu la ubao, nyingine kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, kwa fundo tunalolazia dume siku ya kuhasi. Fundo hilo dume akirusha mguu linakaza. Akitulia, linalegea.

Binti wa jirani alituona, akacheka. "Nyie watu wa ng'ombe mnafunga kila kitu. Kesho mtalifunga ziwa."

Halafu akaacha kucheka, akaniambia niifungue. Kaka akamwambia akaangalie mambo yake. Mimi nilinyamaza. Hilo nalo naliandika.

Wimbi la pili lilinipindua. Nilifunika kichwa kama nilivyofundishwa, nikasubiri, nikataka kutoa mkono juu. Mkono haukuja. Ubao ulikuwa umeingia kwenye ufa, kamba imekaza, na mimi nimening'inia ndani ya maji kama kitoweo. Nikavuta. Fundo likakaza. Nikavuta tena kwa nguvu zote, na nilivyovuta ndivyo lilivyokula nyama. Maji yakarudi nyuma kidogo, nikapata pumzi moja, nusu maji nusu hewa, na wimbi jingine likaniangukia.

Sikuomba Mungu. Nilimwona dume jekundu la baba, lile lililopigana na kamba mpaka likavunjika mguu, na baba akisema mjinga huyu, angetulia angekuwa ameshasimama. Basi nikafanya kitu ambacho mwili wote ulikikataa. Badala ya kulikimbia jiwe nikalifuata. Nikajisukuma chini kuelekea kwenye ufa, kamba ikalegea, nikalitafuta fundo kwa meno. Wimbi la tatu likaubana mkono kati ya ubao na jiwe, nikasikia mifupa, lakini meno sikuyaachia. Nilitoka.

Mama mdogo aliniitia mwunga mifupa, akanifunga vijiti. Nilipokuwa nimelala nilimsikia kaka akieleza watu uani kwamba niliteleza kwenye mawe nikichota maji. Fundi akaunga mkono, kwamba watu wa bara hawana miguu ya mawe. Hakuna aliyetaja kamba. Kutokana na uongo huo mama mdogo akatoa amri: mtoto anayeanguka kwa ndoo tu asiguse ziwa tena, akitoka kuanika aingie jikoni. Kila nikikaribia maji kulikuwa na mtu wa kunirudisha, na wote walisema ni kwa kunipenda.

Vijiti vilipotolewa upepo ulikuwa bado haujaisha. Asubuhi moja nilichukua ile kamba. Ilikuwa nyuma ya banda la fundi, imekunjwa vizuri, imekaushwa. Ncha moja nikaifunga kwenye gogo la mtumbwi uliokuwa ukitengenezwa. Fundi alikuwepo. Mama mdogo alikuwa kwenye dagaa zake, karibu tu. Nikamwita kaka, nikampa ncha ya pili.

"Jifunge kama ulivyonifunga."

Akacheka, akamtazama fundi. Mimi sikucheka. Akajifunga.

"Sasa njoo kwangu." Nilikuwa nimesimama mbali. Akatembea mpaka kamba ikaisha, fundo likakaza. Nikamwambia avute. Akavuta. Nikamwambia avute tena.

"Dada, inaumiza."

"Vuta, kaka. Hapo una hewa."

Alivuta mara moja, kidogo, akaangalia mkono wangu uliokuwa umepinda kama tawi. Mama mdogo alikuwa ameacha dagaa, amekuja na ufagio wake, anauliza hii ni nini. Kaka akasema, akiwa ameinama, "Hakuteleza, mama. Nilimfunga mimi. Ubao wa fundi usipotee."

Mama mdogo akamgeukia fundi, na fundi akaanza kutafuta msumari mchangani.

Sikungoja waombe radhi. Mpaka leo hawajaomba. Nikauchukua ubao uleule, uliokuwa bandani tangu ulipotolewa kwenye ufa, bado una alama za jiwe, nikaubana kwapani kwa mkono mzima. Nikapita katikati ya dagaa, mchangani, si kwenye mawe, nikaingia mpaka maji ya kifua. Mkono mbovu haukuweza kushika. Wimbi la kwanza likanipindua kama mtoto mgeni. Nikafunika kichwa. Nikaacha lipite. Nikatoa mkono kwanza, uleule wa kulia, haukugusa kitu, nikaibuka.

Ubao ulikuwa unaondoka, umeshachukuliwa na maji kuelekea mtoni. Fundi alikuwa anapiga kelele ufukweni. Kaka naye alikuwa anahangaika na fundo apate kuufuata. Niliutazama ukienda mpaka sikuuona. Kisha nikaligeuzia ziwa mgongo, nikasubiri wimbi linalofuata nilipande kwa kifua changu, bila ubao.