Tumbo la Mama Pacha

Mimi nina tumbo kubwa na sijawahi kulificha. Limebeba watoto tisa, limelala njaa, limeshiba, na likinitangulia mlangoni watu hujua mwenye nyumba anakuja. Kwetu Mautuma mwanamke akikonda, majirani huuliza kama kwa bwana yake obusuma, yaani ugali, umekwisha. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anataka kwenda Nairobi kunyonywa mafuta ya tumbo, nilitua karai la mahindi chini nikamtazama.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa kuanika mahindi. Huyu binti ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kakamega, anakaa Shieywe na bwana yake ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Mimi niliachia darasa la tatu ili nichunge ndama. Yeye alipita mitihani yote mpaka chuo cha ualimu. Nikimtaja mbele ya watu mgongo wangu hunyooka wenyewe, na sioni haya kuliandika hilo.

"Kunyonywa na nini?" nikamwuliza.

"Na mrija, mama. Wanatoboa kitundu kidogo, wanaingiza mrija, mashine inavuta mafuta. Unaingia asubuhi, jioni unarudi nyumbani."

"Mimi nimeona nguruwe akitolewa mafuta. Alikuwa amekufa."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka machozi. Ndipo akanieleza habari ya shali. Jumapili moja mama wa kanisa lao alimpa shali ya mtoto mchanga, ya manjano, aliyoifuma kwa mikono yake. Akamwambia Mungu ni mwema, labda safari hii atakuja mmoja. Binti yangu hakuwa na mimba. Pacha wake walikuwa wameshaanza nasari. Lakini lile tumbo walilomwachia lilikuwa bado limesimama mbele kama la miezi sita, na yule mama alikuwa amefuma kwa upendo. Angemwambia nini? Alipokea, akashukuru, akaenda nyumbani akaiweka shali chini ya godoro.

Sikutania tena. Nilimsogezea kigoda.

"Huyo daktari wa Nairobi," nikamwuliza, "alikushika tumbo?"

"Aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na nguo. Akasema nitatoka vizuri, akanipa tarehe."

Hapo moto ulinipanda kichwani. Hapa kwetu Lugari hakuna mwanamume mjinga kiasi cha kununua ng'ombe kwa macho. Siku ya mnada utamwona ameinama, anabonyeza tumbo, anapapasa chuchu, anafungua mdomo ahesabu meno. Huyo ni ng'ombe. Sasa mtoto wangu, mwalimu, mama wa pacha, anapangiwa kuchomwa na mrija na mtu ambaye hata kidole hajamgusa.

Tena kuna kitu nilichokuwa nimekiona. Alipozaa wale pacha, mimi ndiye niliyeshuka Shieywe na kuku na unga wa wimbi, nikamwogesha na maji moto kila siku. Kila alipojiinua kitandani, katikati ya tumbo lake palikuwa panasimama mgongo, kama paa la nyumba. Na juu kidogo ya kitovu kitu kama pera kilikuwa kinachungulia, kisha kinarudi ndani. Nilimfunga shuka kiunoni kama tulivyofungwa sisi, nikatumaini tumbo litarudi lenyewe.

"Hutaenda kwa mrija," nikamwambia, "kabla mtu mwenye kisomo hajalishika hilo tumbo."

"Mama, nimeshaamua."

"Sijasema usiamue. Nimesema lishikwe."

Tukaenda kwa daktari mmoja mzee wa upasuaji pale Kakamega mjini, aliyemshona mzee wangu ngiri miaka ya nyuma. Kliniki yake ilikuwa ndogo, benchi moja, pazia moja. Nilimpenda kwa sababu hakutucheka. Binti yangu alipomweleza, yeye alivua miwani, akaipangusa, akaanza kumfundisha mwalimu.

"Bana hapa ubavuni kwa vidole," akamwambia. "Hayo unayoyabana ni mafuta ya chini ya ngozi. Mrija huchukua hayo tu. Kuna mengine yako ndani, nyuma ya misuli, yanazunguka matumbo. Hayo mrija hauyafikii, hayo utayapunguza kwa chakula na kutembea. Na usifikiri ni njia ya kupunguza kilo. Inabadilisha umbo kidogo, basi. Ukirudi kula ovyo, unanenepa tena, pengine mahali pengine."

"Na ngozi?" binti yangu akauliza.

"Ngozi haikazwi na mrija. Ikiwa imelegea, inaweza kulegea zaidi."

"Kama soksi iliyokatika lastiki," nikasema.

"Kama hivyo, mama. Sasa mwalimu, unataka kuzaa tena?"

Akanitazama kwanza. "Labda mmoja."

"Basi ngoja umzae. Mimba italitanua tena, na utakuwa umejikata bure. Unakunywa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Na ile mizizi unayochemsha asubuhi?" nikasema.

"Mama."

"Mwambie. Mimi siyo niliyeinunua sokoni."

Ikatoka kwamba alikuwa anakunywa mizizi ya kukondesha, na juu yake aspirini kila kichwa kikimuuma, na cha mwalimu huuma mara nyingi. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema aspirini hufanya damu isigande upesi, na mizizi hakuna ajuaye inafanya nini mtu akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Mtu anayekwenda kupasuliwa humwambia daktari kila kitu anachomeza, hata kile anachokionea haya, na haachi wala haanzi dawa bila kuulizia. Sigara ni hivyo hivyo, akasema, huchelewesha kidonda kupona. Mimi nikaangalia ukuta, maana kiko changu kilikuwa mfukoni.

Akaendelea. Baada ya kunyonywa utavaa mkanda wa kubana mchana na usiku, wiki nyingi. Tumbo litavimba na kuwa na madoa meusi ya damu iliyovilia. Maji mekundu yatatoka tunduni. Ngozi itakuwa na ganzi. Umbo lenyewe hulioni mpaka miezi ipite. Na iko hatari ya damu kuganda mguuni, ikapanda mpaka kwenye mapafu.

"Ukikosa pumzi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, au homa ikupande, unaenda hospitali saa hiyo hiyo," akasema. "Huko Nairobi utalala kwa nani?"

"Waliniambia nitapanda basi kesho yake nirudi kazini."

Daktari alinyanyuka, akavuta pazia, akamwambia apande kitandani. Mimi nikapita pamoja naye pazia kabla sijakaribishwa.

"Lala chali. Mikono pembeni. Inua kichwa tu."

Ule mgongo ukasimama katikati ya tumbo, vile vile nilivyouona siku za kumwogesha.

"Misuli iliachana ukiwa na pacha," daktari akasema, "haijakutana tena. Hii ndiyo inayolisukuma tumbo mbele, si mafuta. Sasa kohoa."

Akakohoa. Pera likachungulia. Daktari akachukua mkono wa binti yangu, akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya lile pera.

"Umesikia linavyorudi ndani? Hii ni ngiri. Hapo chini ya kidole chako ni utumbo."

"Nilidhani ni mafuta," akasema polepole.

"Na mtu asiyekushika angedhani hivyo hivyo. Mrija hauna macho. Ungeingia hapa, ungetoboa utumbo, uchafu ungemwagika ndani, na wewe ungekuwa kwenye basi unarudi kazini."

Binti yangu hakutoa mkono. Alilala pale na vidole juu ya ngiri yake, akitazama dari, na machozi yakaingia masikioni. Mimi nilimshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Tulipotoka tulikwenda mpaka sokoni. Pale penye wauza ndizi akasema, "Pacha wangu wangelelewa na nani?"

"Na mimi," nikamjibu. "Lakini nimechoka."

Akacheka mpaka akaegemea meza ya watu.

Hakuenda Nairobi, lakini ngiri, daktari alisema, haiwezi kungoja mtoto mwingine azaliwe. Alilazwa hospitali hapo hapo Kakamega, ngiri ikashonwa, na misuli ikavutwa ikakutanishwa. Nilihamia Shieywe kumtunza. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kwa desturi yetu mimi na mkwe wangu hatupaswi kukutana uso kwa uso. Basi akikohoa nje, mimi naingia jikoni. Mimi nikikohoa jikoni, yeye anatoka nje. Maskini alikula obusuma wake kwenye ngazi mwezi mzima, na hakulalamika. Ni mume mzuri huyo.

Tumbo lilishuka. Halikulala kabisa, lakini lilishuka, na hapo maneno yakaanza. Siku zile mtu akipungua ghafla, watu walikuwa wanasemanga ni ule ugonjwa. Jirani mmoja, wa wale waniitao kukhu, yaani nyanya, alinikuta nikianua nguo.

"Kukhu, mwalimu amekwisha hivi, ni nini?"

"Hajaisha. Ameshonwa."

"Ameshonwa wapi?"

"Pale pacha walipopasua. Kwani wako walipitia dirishani?"

Akaenda kulitangaza hilo badala ya lile lingine, nami nikashukuru kuwa na jirani mwenye mdomo.

Binti yangu alichukua ile shali chini ya godoro, akampelekea mwenyewe yule mama wa kanisa. Akamwambia, "Mama, haikuwa mimba. Ilikuwa ngiri. Mpe mwenye mtoto." Hakunituma mimi. Alikwenda mwenyewe, mchana, na viatu vyake vya Jumapili.

Mngefikiri hadithi imeisha hapo, na mimi nilifikiri hivyo. Lakini baada ya miaka miwili, yeye na bwana yake wakiwa wamekubaliana kwamba pacha wanatosha, akaja Mautuma tena.

"Mama, yale ya ubavuni bado nataka yatolewe."

Nilimwambia nilivyoona. Kwamba mbavu zake ni nzuri, kwamba mtu hakatwi kwa sababu ya gauni. Akaningoja nimalize. Huyu mtoto amenifunga mdomo mara chache maishani, na hii ni moja.

"Lako umelipenda mama, na mimi nalipenda pia. Langu niachie mimi."

Nikachinja ingokho, kuku mmoja mnono, tukala.

Yule daktari mzee alituandikia kwa mwenzake wa Kisumu aliyemwamini. Kazi ilifanywa, na mkanda akauvaa, na uvimbe ukaja kama tulivyoambiwa ukaenda. Leo mbavu zake ni nyembamba kidogo tu kuliko zilivyokuwa. Usipoambiwa huoni. Yeye anaona, na yameisha. Lakini si hayo ninayopenda kusimulia. Napenda kusimulia ile siku ya kwanza pale Kisumu, kabla ya kisu chochote.

Safari hii sikupita pazia. Nilikaa kwenye benchi nje, mkoba magotini, karibu na mama mmoja mwenye mguu wa bandeji. Sauti ya binti yangu ilikuwa inatoka wazi, ile ile anayotumia darasani. Akamwuliza daktari amefanya kazi hii mara ngapi. Akamwuliza nani atamlaza usingizi, na shida ikitokea atakimbizwa hospitali gani. Akamwambia aspirini ameacha kwa ushauri wa daktari, na mizizi alishaitupa, na hapa kuna kovu la ngiri.

"Kovu nitaliangalia vizuri siku ya operesheni," daktari akasema.

Nikasikia viatu vikivuliwa, na kitanda kikalia.

"Hapana, daktari," akasema binti yangu. "Shika sasa. Halafu tuongee."

Yule mama wa bandeji akanigeukia, macho yamemtoka.

"Ni nani huyo?" akaninong'oneza.

Nikakaa sawa, tumbo langu lote mbele.

"Huyo," nikamwambia, "ni wangu."