Aliyeninyima Ruhusa ya Kufuta

Amefariki mtu aliyewahi kuninyima ruhusa ya kufuta, na wakati ule nilimchukia kwa hilo. Habari ilinikuta nyumbani, mtaani kwetu Shangani, nikianika nepi, sikulia, nilikasirika. Kabla ya kuandika safu hii gazetini nilikuwa karani katika ofisi iliyoandikisha wakulima wa korosho ili wagawiwe salfa ya kupulizia mikorosho. Yeye ndiye aliyetunza kanzidata, orodha ya majina yao kwenye kompyuta. Kila karani alimpa jina lake la kuingilia, nywila yake, na ruhusa mbili tu: kusoma na kuongeza. "Na kufuta je?" nikamuuliza. "Dada, kalamu nimekupa, wembe wa nini?" Tukamcheka, tukamwita Bwana Kufuli.

Bosi hakucheka. Msimu ulikaribia, akamfokea mbele yetu: "Wape ruhusa zote, kila sahihisho linakungoja wewe, unanichelewesha!" Alibisha siku mbili, ya tatu akatii, akatuomba kila mtu aingie kwa jina lake na asimwachie mwingine. Mimi nilimwachia. Mwanangu alikuwa na miezi minne, akiletwa getini kunyonya, basi nikatoka na kompyuta iko wazi kwa jina langu, mwenzangu aliyekuwa mgeni mkoani akaendelea. Akaona majina ya vijiji vya Mahurunga na Kitaya yanajirudia, mara tatu, mara nne, akafuta aliyodhani yamezidi. "Nimekusafishia, mama mtoto," akaniambia niliporudi, nami, mjinga, nikashukuru! Mtu wa huku angejua kwamba mjukuu hubeba jina la babu, na binamu zake hilohilo. Alifuta watu wazima wenye mashamba yao. Walipokuja kuchukua salfa wakaambiwa hawapo. Marehemu alirudisha majina siku ileile kutoka nakala ya akiba, lakini salfa ilikuwa imekwisha, na maua ya mikorosho yao yakaliwa na ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa ndiyo huuzuia. Mfumo ulionyesha jina langu, na yeye aliliona. Bosi alipouliza nani kafuta, akajibu, "Ruhusa niliitoa mimi." Bosi aliyeilazimisha akatazama dirishani. Mimi nikatazama sakafu. Wiki ile marehemu akafukuzwa kazi, na hakupata nyingine.

Matangani bosi alisimama akamsifu kuwa mchapakazi. Jirani yangu mkekani akaninong'oneza, "Shoga, si ndiye huyu aliyewafuta watu wa Mahurunga?" Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti kwamba jina lililofuta ni langu, na aliyeshurutisha ruhusa ndiye huyo anayesifu. Mjane akaniuliza polepole, "Mwanangu, ulikuwa wapi akiwa hai?" Nyie mlioko maofisini, bosi akikulazimisha kufungua ulichofunga, mwambie aandike na atie sahihi, maana mfumo huandika jina lililofuta, la aliyeamuru hauliandiki kamwe. Na kosa likiwa lako, liseme mwenzio angali anaulizwa. Ukweli nilioutoa mkekani haukumrudishia mtu kazi. Ulimwongezea mjane uchungu tu.