Njugu Kwenye Koti

Juzi, kwa duka moja hapa Voi, mama mmoja aliitisha sumu ya panya. Alisema panya wanakula nyaya za gari ya marehemu mzee wake, iliyofungiwa kwa gereji.

Mimi, niliyemaliza panya kutoka Ndara mpaka Taveta, nikadakia, "Mama, ziba matundu na waya ya kusugua sufuria!"

"Nimeziba, baba. Wanarudi tu."

Mwenye duka akamuuliza polepole, "Kwani ndani ya gari kuna chakula?"

Mama akashika mfuko wa sweta yake. "Koti la mzee liko kwa kiti cha gari. Lina njugu. Hakuwa amemaliza."

 

Akarudisha sumu. "Basi nipe sabuni, nikalifue."

Dawa zote za panya nazijua. Hiyo ya kufua koti nilifunzwa na huyo mama.